Marashi Nyuma ya Kiti

Wali ulikuwa bado mdomoni mwangu nilipomsikia mama mmoja, aliyekaa mkekani karibu na mlango, akimwambia mwenzake bila hata kupunguza sauti: "Ndiye yule aliyeiua mashine ya Nosy Be kwa marashi. Akamkata mtu mguu." Mwenzake akaguna, akajiongezea mchuzi. Ilikuwa siku ya tatu ya msiba wa Zama Mdahoma, Mahajanga, katika chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Zama ni mjomba kwa lugha ya kule. Hakuwa mjomba wangu wa damu, lakini kazini sote tulimwita hivyo. Miaka ishirini na zaidi imepita tangu jambo lile. Mtu amelea watoto watatu, amechoma nyama ufukweni mpaka mgongo ukapinda, hakukosa swala ya Ijumaa hata akiwa na homa, na watu wanaokula wali wa msiba wake hawana la kumkumbukia isipokuwa uongo. Nilimeza bila kutafuna. Nilikuwa nimekuja kutoka Tanga, ninakoishi na ninakotengeneza mifumo ya umeme ya mashine nzito, na ndani ya mkoba wangu lilikuwamo daftari la shule lenye jalada la kijani. Nina hasira. Naanza na hilo ili msomaji asihangaike kutafuta kitu kingine.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha ufundi Mahajanga na cheti cha elektroniki, na simu za mkononi zilikuwa bado za wakubwa. Kampuni iliyokuwa ikipanua barabara ya kutoka Hell-Ville, mji mkuu wa kisiwa cha Nosy Be, kwenda Ambanoro ilinichukua kwa sababu moja tu: ekskaveta yao, mashine ya kuchimbia, iliyokuwa njiani kuja ilikuwa na kompyuta, na mafundi wao wote walikuwa watu wa spana. Nilipewa chumba nyumbani kwa Zama, opereta wao, siku hizo akiishi Hell-Ville na mkewe, Mama Hadia. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoano moja ya kutundikia nguo, na ukuta wa mbao uliopitisha kila kitu, sauti na moshi. Asubuhi tulikula wali wa majimaji na vipande vya samaki mkavu, na mchana Mama Hadia alituletea kazini sufuria ya kisamvu cha nazi iliyofungwa kwa leso, tukala chini ya kivuli cha lori. Kazini tulisema Kisakalava, lugha ya wenyeji, mbele ya bosi Kifaransa, na wao wawili wakiwa peke yao walizungumza Kingazija, ambacho nilikielewa kwa kuibia. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikuja kukipata baadaye, kwa mume na kwa wateja. Alfajiri nilikuwa nikiwasikia kupitia zile mbao, mume akivaa viatu, mke akipuliza moto. Siku moja nilimsikia Zama akisema, "Ile mashine ya zamani nikiigusa ilinijibu. Hii mpya wanasema lazima kwanza niombe ruhusa kwa kisanduku." Mama Hadia akamjibu, "Basi kiombe kwa adabu. Hata mimi ukiniomba kwa adabu nakupa chai." Nilicheka peke yangu kitandani.

Na kweli alikuwa amelielewa jambo lenyewe kuliko mhandisi yeyote. Katika ekskaveta za zamani, mkono wa opereta ulifungua vali na oili ikaenda. Nguvu ya mkono wa chuma ilikuwa nguvu ya mkono wake, na akizidisha mzigo injini ililia, akapunguza kwa kusikiliza. Katika hii, kati ya mkono na oili alikaa msimamizi. Kisanduku cha bati nyuma ya kiti kilipima mzunguko wa injini na mgandamizo wa oili mara nyingi kwa sekunde, kikaiamuru pampu itoe oili kiasi gani, wewe ukishika vishikio vyako viwili na kudhani ndiye unayeamua. Kikiwa kizima, ni kitu kizuri mno. Baketi inateremka taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Kikiharibika, pembeni yake kuna swichi ya dharura yenye kifuniko chekundu. Ukiibonyeza, kompyuta inawekwa kando na pampu inatoa kiasi kimoja tu cha oili, mzigo uwe mzito au mwepesi. Imewekwa ili mashine ijikokote kurudi karakana. Kitabu chake kilisema hivyo kwa lugha nne, na nilikisoma kwa lugha mbili. Si swichi ya kufanyia kazi.

Mashine iliingia Hell-Ville asubuhi, juu ya tishari kutoka Ankify, bandari ya upande wa bara, ikiwa imepakwa rangi ya manjano iliyong'aa hadi macho yakauma. Bosi alisimama gatini na shati lake jeupe akisema "mpya, mpya kabisa," na watu wakapiga makofi. Mimi nilipanda kebini kufanya kazi niliyoajiriwa. Nilibonyeza vitufe viwili kwa pamoja kama kitabu kilivyoelekeza, kioo kidogo kikafungua kumbukumbu ya makosa, nami nikanakili kila kilichoandikwa kwenye daftari la kijani. Kosa namba kumi na saba, waya wa kuamuru pampu, limetokea mara arobaini na moja. Mara ya kwanza katika saa ya kazi ya elfu sita mia tisa na kumi na moja. Nikatazama mita ya saa pale mbele ya opereta. Ilisema thelathini na nane. Nikafungua kifuniko nyuma ya kiti, na plagi ya kisanduku ilikuwa imeota kutu ya kijani, ile ya shaba iliyokula chumvi mwaka baada ya mwaka. Nilishuka na daftari langu hadi kwa bosi. Alinisikiliza akitabasamu, akaniambia, "Binti, hizo ni namba za majaribio ya kiwandani. Wewe soma makosa mapya, ya zamani niachie mimi." Nami, msomi wa cheti, nikamwamini. La, niseme ukweli: sikumwamini, ila nilipenda kuamini, kwa sababu jioni ile aliniita "mhandisi" mbele ya watu, na hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Ijumaa ya wiki ile ikasomwa dua. Kwa watu wa pwani ya kule chombo kipya hakianzi kazi hivi hivi, kiwe jahazi au cherehani. Walikuja wazee sita kutoka msikitini, Mama Hadia akaleta mkate wa sinia na chai ya mchaichai, ikasomwa Fatiha, na Zama akatwaa mrashi wa fedha wa mama yake mzazi, ule wenye shingo ndefu, akaizunguka mashine akinyunyiza marashi kwenye minyororo, kwenye mkono, kwenye baketi. Halafu akapanda kebini. Alinyunyiza vishikio, akanyunyiza kiti, na kwa kuwa nilikuwa nimemwambia kwamba akili ya mashine iko nyuma ya kiti, akafungua kifuniko, akakinyunyizia na kile kisanduku matone matatu manne, kwa heshima, akisema bismillahi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mkate mdomoni, na sikumzuia. Mtu mwingine yeyote duniani angeogopa kuweka maji pale. Yeye aliona vibaya kubariki miguu na kuacha kichwa. Kisanduku chenyewe kilikuwa kimezibwa kwa mpira, matone yaliteleza, na niliyafuta kwa kitambaa baadaye bila kumwambia ili nisimvunje moyo. Bosi alikuwepo. Alipewa mkate, akala, akatabasamu.

Siku ya tisa mashine ikaanza ukaidi. Mkono unakwenda, unasita, unaruka. Kioo kikawa kinaandika kumi na saba, kumi na saba. Nikamwambia msimamizi wa kazi kuwa tunahitaji plagi mpya na waya mpya, viagizwe, na mashine isimame. Akaenda ofisini, akarudi na neno la bosi: mvua zinakaribia, wakubwa watakuja kukagua, tieni swichi ya dharura mwendelee. Nilibisha kidogo. Naandika "kidogo" kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi nimejisimulia kisa hiki nikijipa ubishi mwingi ambao sikuwa nao. Kisha nikainua kifuniko chekundu na kubonyeza kwa kidole changu. Zama alifanya kazi siku mbili namna ile, na jioni ya pili, akila, alinyoosha mikono yote miwili juu ya sinia kunionyesha. Ilikuwa ikitetemeka. "Zaina, mwanangu, hainisikilizi," alisema. "Nasema polepole, inakwenda. Nasema simama, inafikiri kwanza." Mama Hadia akamwambia asiende kesho. Akasema, "Nisipokwenda watamweka kijana asiyejua hata hilo." Nikaendelea kula.

Siku ya tatu walikuwa wakishusha mabomba ya zege ya kalavati, karibu na Ambanoro, bomba likining'inia kwa mnyororo kwenye baketi, na Jaozara akiwa ndani ya mtaro kuliongoza kwa mikono. Jaozara alikuwa kibarua wa umri wangu, mwimbaji, mchezaji wa mpira, mtu wa kutania kila anayepita. Nilikuwa kando ya mtaro nikiwa na kikombe. Nilimwona Zama akivuta kishikio kidogo sana, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Mkono ukateremka, ukasita. Ile plagi iliyooza ilikuwa ikishika na kuachia kwa mtikiso, na hata swichi ya dharura ilipitisha umeme kupitia uozo uleule. Umeme ukashika tena ghafla. Oili yote ikaja kwa mkupuo, bomba likaanguka kimo cha mtu, na Jaozara akapiga ukelele mmoja tu. Zama alizima injini, akaruka chini, akaingia mtaroni akiwa anaita jina lake, na tulipomtoa Jaozara mguu wake wa kushoto, kuanzia kifundoni kwenda chini, haukuwa kitu cha kutazama. Waliukata siku iliyofuata.

Sasa njoo uone binadamu. Zama alikaa kwenye ngazi ya nyumba yake siku mbili bila kula, na siku ya tatu, mbele ya watu, akasema, "Ni mimi. Niliweka maji kwenye akili ya mashine." Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa amelitafuta kosa lake kama mtu anavyotafuta funguo mifukoni, akalipata hilo. Mchana wa siku hiyo nilikuwa nyuma ya ofisi, ubao mmoja kati yangu na bosi, nikila wali wa baridi kutoka kwenye kopo, nikamsikia akimwambia msimamizi: "Mzee mwenyewe ameshakiri, tunataka nini tena? Andika marashi. Watu wa bima watapenda, ni kisa cha kuchekesha." Msimamizi akauliza kuhusu plagi. Bosi akasema, "Tuliinunua ikiwa hivyo. Ilitakiwa ituvushe mpaka makabidhiano ya barabara tu." Nilishika kijiko changu hewani. Mpaka leo nikifungua kopo la chakula nasikia sauti ile, laini, ya mtu asiye na wasiwasi. Damu inachemka sasa hivi ninavyoandika, na sina wa kumpiga.

Alitoka, akanikuta, akajua nimesikia. Hakushtuka. Aliniambia kwamba kampuni inafungua karakana kubwa Mahajanga, kwamba watanipeleka ng'ambo kusomea kompyuta za mashine, kwamba nina kichwa kizuri, na kwamba mkaguzi anakuja kesho, hivyo kumbukumbu ya mashine isafishwe "ili asichanganyikiwe." Nilipanda kebini. Kiti kilikuwa bado kinanukia waridi kwa mbali. Nilibonyeza vitufe viwili, nikafika kwenye ukurasa wa mwisho, na kioo kikaniuliza kwa Kifaransa: Futa? Ndiyo au hapana. Mashine iliuliza kwa adabu. Katika kisa chote hiki ni yenyewe tu iliyoniuliza. Nikabonyeza ndiyo. Saa elfu sita na ushei zikatoweka kwa muda wa kupepesa jicho. Nilijiambia kwamba daftari ninalo, kwamba nitalitoa siku ikifika. Mkaguzi alikuja, akakuta mashine ya saa mia moja, isiyo na historia, na mzee anayelia akisema ni yeye. Zama akafukuzwa na kunyang'anywa kibali chake. Jaozara akapewa gunia la mchele na gongo la mbao. Mimi nikapewa barua ya kwenda Mahajanga.

Zama na Mama Hadia nao walihamia Mahajanga mwaka huohuo, kwa kuwa Hell-Ville watoto walikuwa wakimfuata Zama njiani wakijifanya wananyunyiza. Akawa anachoma masikita, mishikaki ya nyama, kwenye barabara ya ufukweni. Nilimwendea mara moja tu, kabla sijaondoka nchini, nikiwa na daftari mkobani kama nilivyokuja nalo juzi msibani. Alifurahi kuniona hata nikaona aibu ya kusimama. Alinichomea sita, akaniwekea achari ya embe, akaniangalia nikila. "Bado uko na zile kompyuta?" aliuliza. Nikasema ndiyo, Zama. Akainama karibu kuninong'oneza, mtu mzima anayempa mwanawe wasia: "Uwe mwangalifu nazo. Hazipendi maji." Nilikula mishikaki yote sita. Nikamuaga. Nimeshasema kwamba nina hasira. Sasa msomaji anajua sehemu kubwa ya hasira hiyo inaelekea wapi.

Kwa hiyo siku ile ya tatu ya msiba niliweka sahani chini, nikaenda jikoni. Mama Hadia alikuwa amekaa kwenye kibao, akichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Nilitaka kuanza kwa pole, lakini alinitangulia. Alisema wamemzika bila marashi. Aliusia hivyo mwenyewe, sanda yake isinyunyizwe hata tone. Tangu Ambanoro hakuruhusu marashi yaingie nyumbani, hata harusi ya binti yao ilipita bila. "Alisema yamemkata mtu mguu, hana haki ya kunukia vizuri mbele ya Mungu." Alilisema kama anavyosema bei ya nazi. Ndipo nilipotoa daftari, nikalifungua kwenye magoti yake, nikamweleza kila kitu: saa, plagi, kutu, maneno niliyoyasikia nyuma ya ubao, na lile "ndiyo." Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Ulibonyeza kwa kidole gani?"

Nilimwonyesha. Alikitazama kidole changu muda mrefu, hakukigusa.

"Miaka yote hiyo alikuwa hai," alisema. "Alikuwa hapo barabarani, kila mtu alimjua alipo."

"Najua, mama."

"Usiniite mama. Na usiniambie mimi jikoni. Nenda kawaambie wale wanaokula."

Nikaenda. Nilisimama katikati ya mikeka na daftari mkononi, mwanamke mzima mwenye mvi, na nikasema kwa Kisakalava changu kilichochakaa kwamba mashine iliharibika kabla haijagusa ardhi ya Nosy Be, kwamba aliyeiuza alijua na aliyeinunua alijua, kwamba marashi hayakuharibu kitu, na kwamba mimi nilijua. Nikasoma namba. Yule mama wa mlangoni akaacha kutafuna. Nilitaka nimwambie neno baya, nilikuwa nalo tayari kabisa, lakini kutoka upande wa wanaume, ng'ambo ya pazia, nikasikia gongo likigonga sakafu. Jaozara alikuwepo. Sikuwa nimemwona, amenenepa, ndevu nyeupe. Walikuwa wamezoeana, yeye na Zama. Kumbe Jaozara naye alihamia Mahajanga, na kila Ijumaa alikula masikita kwake na hawakuwahi kulitaja jambo lile hata siku moja. Alisogeza pazia.

"Hilo daftari umekuwa nalo tangu lini?"

"Tangu mashine iliposhuka gatini."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, taratibu, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Mama Hadia alikuwa ametoka jikoni na kupita nyuma yangu hadi kwa jirani, akarudi na chupa ya marashi ya kuazima, akatoa na ule mrashi wa fedha, mweusi kwa kukaa miaka kabatini bila kusuguliwa. Aliujaza mbele yetu, mikono yake ikiwa imetulia, akaniwekea kwenye mkono wenye kile kidole. "Kaburi liko nyuma ya msikiti," alisema. Hakuja nasi. Jua lilikuwa kali na tulikwenda kwa mwendo wa gongo, Jaozara na mimi, na tulipofika kwenye ule mchanga uliokuwa bado mbichi nikainua mrashi. Jaozara akaushika shingo, akautoa mkononi mwangu.

"Marashi namnyunyizia mimi," alisema. "Wewe msomee namba."